Nafasi ya chuo anayo, njia ndiyo haipo

*Zuio la viza za Marekani limewakuta wanafunzi wa Kitanzania katikati ya safari. Wengine bado wako Gerezani na bahasha zao mkononi, wengine wako huko huko Unyamwezini, yaani Marekani, na hawathubutu kurudi hata kwa msiba.*

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

STESHENARI hiyo ya Gerezani, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi, ina kompyuta mbili, mashine moja ya fotokopi na foleni isiyokwisha. Wengi wanaoingia wanataka nakala za leseni, risiti za mzigo au karatasi za bandarini.

Mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango anauza vipuri vya malori mitaa miwili kutoka hapo, lakini leo hana karatasi ya mzigo. Bahasha yake ya kaki ina vyeti vya binti yake vya kidato cha nne na cha sita, taarifa za benki, picha mbili za inchi mbili kwa mbili, na fomu ya I-20, ile ambayo chuo cha Marekani humtumia mwanafunzi wa kigeni kikishamkubali.

"Shikamoo mzee. Leo tena?" anauliza kijana wa kompyuta.

"Marahaba, mwanangu. Hebu fungua palepale tuone kama wamebadilisha."

Hawajabadilisha. Ukurasa wa ubalozi unasema kilekile ulichosema mara ya mwisho: tangu 1 Januari 2026, viza ya masomo kwa raia wa Tanzania imesitishwa, isipokuwa kwa makundi machache. Mzee anaomba jina lake lisiandikwe gazetini. Bado ana tumaini, na mwenye tumaini la viza siku hizi anaogopa hata kivuli cha jina lake mtandaoni.

Binti amekubaliwa kusoma uhandisi, na chuo kimempunguzia sehemu kubwa ya ada. Familia imeshatoa dola 350 za kumsajili kwenye mfumo wa SEVIS, ambao Serikali ya Marekani huutumia kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, pamoja na dola 185 za maombi ya viza. Kwa bei ya dola ilivyo sasa, ni kama Sh1.3 milioni, na ada ya viza ikishalipwa hairudi.

Hakuna ofisa aliyemhoji binti huyo akamwona hafai. Hakuna aliyezipitia taarifa za benki akasema fedha hazitoshi. Angekataliwa kwa sababu hizo, mzee angejua la kufanya: angeongeza salio, angetafuta barua nyingine, angemfundisha mwanawe kujibu vizuri zaidi dirishani. Sasa hana cha kurekebisha, maana kilichokataliwa ni pasipoti.

Orodha iliyotanuka

Zuio hilo lilisainiwa na Rais Donald Trump tarehe 16 Desemba 2025. Lilikuja kuongeza makali ya tamko lake la Juni mwaka huohuo, ambalo lilizifungia kabisa nchi 12, zikiwemo Somalia, Sudan na Eritrea, na kuzibana nusu nchi nyingine saba. Jirani yetu Burundi alikuwa miongoni mwa hizo saba.

Desemba orodha ikatanuka. Sudan Kusini ikaingizwa katika kundi la kufungiwa kabisa. Tanzania ikaingia katika kundi la kubanwa nusu, pamoja na Malawi, Zambia, Zimbabwe, Angola, Nigeria, Senegal na nyingine. Kenya, Uganda na Rwanda hazikuguswa.

Kubanwa nusu kunasikika kama nafuu. Mfanyakazi anayeitwa na kampuni ya Marekani kwa viza ya kazi anaweza kuiona nafuu hiyo. Mwanafunzi haioni, kwa sababu viza zilizositishwa ni za uhamiaji wa kudumu, za utalii na biashara, na zile tatu ambazo ndizo njia yake: F ya masomo, M ya mafunzo ya ufundi, na J ya programu za kubadilishana.

Wapo walioachwa. Wenye viza iliyokuwa hai siku zuio linaanza hawakunyang'anywa. Wenye ukaazi wa kudumu hawakuguswa. Wachezaji na makocha wanaokwenda kwenye Kombe la Dunia au Olimpiki nao wamefunguliwa njia, kwa hiyo kijana mwenye mguu wa kushoto mzuri ana mlango ambao mwenye divisheni wani ya pointi tatu za PCM hana. (Taifa Stars haikufuzu, kwa hiyo hata mlango huo sisi tunausoma tu magazetini.)

Msamaha mwingine ni wa wenye uraia wa nchi mbili: anayesafiri kwa pasipoti ya nchi isiyo kwenye orodha anaruhusiwa. Mnigeria mwenye pasipoti ya Uingereza anapita hapo. Mtanzania hapiti, kwa kuwa sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mjadala huo tumeupiga danadana tangu enzi za Bunge la Katiba, na haya ni moja ya matunda yake ambayo hatukuyafikiria.

> Kijana mwenye mguu wa kushoto mzuri ana mlango ambao mwenye divisheni wani ya pointi tatu hana.

Mwaka wa kuyumba

Zuio la Desemba lisingeuma hivi kama lingekuja peke yake. Lilikuja mwishoni mwa mwaka ambao mwanafunzi wa kigeni Marekani alilala na sheria moja akaamka na nyingine.

Aprili 2025, rekodi za maelfu ya wanafunzi wa kigeni zilifutwa kwenye SEVIS. Wengi walijua baada ya chuo kukagua mfumo na kuwaita. Wengine walikuwa na kosa dogo la barabarani lililokwisha miaka mingi nyuma. Kesi zikafunguliwa katika majimbo mbalimbali, majaji wakatoa amri za muda, na tarehe 25 Aprili Serikali ikaanza kuzirudisha rekodi hizo.

Mei 22, Serikali ikakiondolea Chuo Kikuu cha Harvard kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni. Kesho yake Jaji Allison Burroughs wa Boston akalisimamisha agizo hilo. Kwa muda wa siku moja, wanafunzi wa kigeni wa chuo maarufu kuliko vyote duniani hawakujua kama bado wana chuo.

Mei 27, balozi za Marekani dunia nzima zikaagizwa zisipange usaili mpya wa viza za wanafunzi. Juni 18 usaili ukaruhusiwa tena, kwa sharti kwamba mwombaji aziache wazi akaunti zake za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Katika mitaa ya Kariakoo, ambako kila kijana ana akaunti ya kuuzia viatu na nyingine ya kubishana Simba na Yanga, sharti hilo lilizua kazi mpya: kufuta. Watu walifuta utani, picha, hata salamu za rambirambi kwa wanasiasa.

Agosti 28 likaja pendekezo la kanuni mpya. Kwa miongo mingi, mwanafunzi mwenye viza ya F amekuwa akiruhusiwa kukaa kwa kadiri masomo yake yanavyoendelea, bila tarehe ya mwisho kugongwa kwenye kumbukumbu zake za kuingia. Pendekezo linataka apewe muda maalumu usiozidi miaka minne, kisha aombe upya serikalini akitaka kuendelea. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anajua maana yake, kwa sababu uzamivu wa miaka minne Marekani ni wa kusikia tu.

Septemba, waombaji wa viza wakaelekezwa wafanyie usaili katika nchi zao au nchi wanamoishi kihalali. Ile njia ya zamani ya kupanda basi hadi Nairobi kutafuta tarehe ya karibu ikafa hapo.

Ndani, lakini kwa pumzi

Watu huchanganya viza na haki ya kukaa. Viza ni ya kupita mpakani. Kinachomweka mwanafunzi ndani ya nchi ni hadhi yake ya uhamiaji: fomu ya I-20 iliyo hai, rekodi safi kwenye SEVIS, na masharti anayoyatimiza kila muhula. Kwa shahada ya kwanza, kwa kawaida, anatakiwa asome masomo yenye uzito wa saa 12 za krediti au zaidi. Akifanya kazi chuoni, isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Akihama chuo, akibadili fani, akihama hata nyumba, ofisi ya wanafunzi wa kigeni lazima ijue.

Kwa hiyo viza inaweza kuisha muda wake na mwanafunzi akaendelea kuwepo kihalali kabisa, mradi asitoke. Siku akitoka, atahitaji viza mpya ili arudi. Zamani hilo lilikuwa usumbufu: unakuja Dar likizo, unakwenda ubalozini Msasani, unagongewa, unarudi na korosho za wenzako. Leo ni kamari.

Hapa ndipo maandishi ya zuio yanapompa mtu matumaini na hofu kwa pamoja. Kwa jinsi lilivyoandikwa, linawahusu waliokuwa nje ya Marekani tarehe 1 Januari 2026 na ambao siku hiyo hawakuwa na viza hai. Aliyekuwa ndani ya nchi siku hiyo, kwa kusoma herufi kwa herufi, hamo. Lakini kusoma herufi ni jambo moja, na kusimama mbele ya ofisa wa ubalozi mwenye uamuzi wa mwisho ni jambo lingine. Kumkata rufaa ofisa huyo hakuna. Ndiyo maana ofisi nyingi za vyuo zimekuwa zikiwashauri wanafunzi kutoka nchi zilizo kwenye orodha wasitoke bila ulazima mkubwa.

Mkubwa kiasi gani? Hapo kila familia inajipimia. Mama akilazwa Muhimbili, unarudi? Baba akifariki, unarudi kuzika ukiwa umebakiza mihula miwili? Kwetu mtoto wa kiume asiyeonekana kwenye maziko ya baba yake huulizwa swali hilo hadi uzeeni, na jibu la kanuni za uhamiaji halisikilizwi matangani.

Upande wa pili wa simu nako kumefungwa. Wazazi waliokuwa wakipanga kwenda kwenye mahafali walianza kubanwa Oktoba 2025, Tanzania ilipoingizwa kwenye mpango wa dhamana: mwombaji wa viza ya utalii au biashara angeweza kutakiwa kuweka dola 5,000, 10,000 au 15,000, zirudishwe akitoka kwa wakati. Dola 15,000 ni zaidi ya Sh36 milioni, mtaji wa duka zima la vipuri. Kabla watu hawajamaliza kulilalamikia hilo, Januari viza zenyewe zikasitishwa.

> Mama akilazwa Muhimbili, unarudi? Kila familia inajipimia.

Asilimia 14 ya nani?

Marekani ina hoja yake, na si haki kuipita kwa kasi. Tamko la Desemba linataja takwimu za wageni wanaopitiliza muda wa viza. Kwa Tanzania, limetaja kiwango cha zaidi ya asilimia 8 kwa watalii na wafanyabiashara, na karibu asilimia 14 kwa wanafunzi na wa programu za kubadilishana. Kwa lugha ya mtaani: katika kila wanafunzi saba waliotakiwa wawe wameondoka, karibu mmoja hakuonekana akiondoka.

Hakuna mtu wa Kariakoo atakayeapa kwamba hili ni la kuzushwa. Kila ukoo una kijana aliyekwenda kusoma akaishia kubeba boksi, na wapo waliojilipua, yaani kuomba hifadhi kwa simulizi ambayo wenyewe wanaijua. Mfanyabiashara mmoja wa Mtaa wa Kipata aliniambia bila kuuma maneno kwamba anawalaumu hao kuliko anavyomlaumu Trump. Nilimwelewa, ingawa nadhani hesabu yake ina kasoro.

Kasoro ya kwanza ni kwamba Tanzania haipeleki wanafunzi wengi Marekani, na penye watu wachache, asilimia huruka kwa watu wachache. Nchi yenye maelfu kwa maelfu ya wanafunzi inaweza kuwa na watoro wengi mara kadhaa kuliko sisi na bado asilimia yake ikaonekana ndogo. Ukipanga adhabu kwa asilimia, unamwadhibu mwenye kundi dogo.

Ya pili ni ya haki ya kawaida. Binti wa Gerezani hajapitiliza muda wa kitu chochote, kwa kuwa hajawahi kuondoka. Mfumo wa viza ulikuwa tayari na dirisha la kumpima mtu mmoja mmoja: ana fedha, ana sababu ya kurudi, anasema kweli? Zuio limelifunga dirisha hilo na kuweka jina la nchi mahali pa mtu.

Kuna na suala la siasa, ambalo mjini hapa linasemwa kwa sauti ya chini. Tarehe 4 Desemba 2025, siku 12 kabla ya zuio, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kwamba inaupitia upya uhusiano wake na Tanzania, ikitaja miongoni mwa mengine vurugu dhidi ya raia zilizoambatana na uchaguzi wa 29 Oktoba. Tamko la viza halikuutaja uchaguzi. Lilitaja takwimu za kupitiliza muda tu. Kila mtu anaunganisha nukta hizo kwa namna yake. Kwa mwanafunzi tofauti ni kubwa: kama tatizo ni asilimia, linaweza kupimwa na kupungua; kama ni siasa, hana cha kufanya zaidi ya kusubiri wakubwa wapatane.

Mali na Burkina Faso zilijibu mapigo mwishoni mwa Desemba kwa kuwazuia Wamarekani. Tanzania haikufuata njia hiyo, na sidhani kama kuna aliyetegemea ifuate. Mmarekani anayekuja Serengeti na Zanzibar analipa dola 100 za viza wakati wengi wa wageni wengine wanalipa 50, kisha analipia hoteli, ndege na mbuga. Kumfungia mlango yeye kungewaumiza madereva wa Arusha kabla hakujamfikia mtu yeyote Washington.

Kariakoo inaujua mchezo huu

Ukikaa Gerezani siku nzima ukizungumzia wageni na vibali, mazungumzo hayakai Marekani. Yanarudi mtaani, na yanaporudi yanawageuka wenyewe.

Julai 28, 2025, Selemani Jafo, wakati huo Waziri wa Viwanda na Biashara, alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara: jumla na rejareja isiyo ya supamaketi, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali, na nyinginezo. Faini ni kuanzia Sh10 milioni, au kifungo kisichozidi miezi sita, na mhusika anaweza kufutiwa kibali cha ukaazi. Kariakoo, ambayo ilikuwa imelia muda mrefu juu ya Wachina wanaouza rejareja, ilishangilia.

Namna amri ile ilivyotekelezwa inafanana sana na zuio la Washington. Mgeni mwenye leseni hai hakunyang'anywa. Aliachwa imalizike muda wake, kisha isihuishwe. Marekani nayo imeiacha viza iliyo hai iendelee, na ikiisha, haitolewi nyingine. Serikali zote mbili zilisema zinawalinda raia wao. Zote mbili ziliwahesabu watu kwa pasipoti.

Sisemi amri ya Jafo ilikuwa mbaya. Muuza rejareja wa Mtaa wa Kongo hawezi kushindana na mtu anayeagiza kontena moja kwa moja kutoka kiwanda cha ndugu yake, na Serikali inayomwacha apambane peke yake haimtendei haki. Lakini mfanyabiashara ana njia ya kutokea: leseni ikikaribia kuisha, anauza stoo, anakusanya madeni, anaondoka na mtaji. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana shahada robo tatu ya kuuza popote. Vyuo vingi huhamisha baadhi tu ya masomo, na vingine havihamishi kabisa.

Sisi wenyewe tumewahi kuwa wenyeji wema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia jirani na hapa, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa na kitivo cha sheria pekee. Kuanzia 1963 hadi 1970 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambako sheria ilisomwa Dar, udaktari Makerere na uhandisi Nairobi. Mganda Yoweri Museveni alisoma chuoni hapo miaka hiyo, na kuja kwake hakukuwa habari. Mwaka 2023, vita vilipolipuka Khartoum, wanafunzi wa udaktari kutoka Sudan walipokelewa Muhimbili kuendelea na mafunzo.

Leo Protokali ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inamtambua mwanafunzi wa nchi mwanachama na haki yake ya kuingia na kukaa kwa pasi ya mwanafunzi. Congo iliingia kwenye jumuiya mwaka 2022. Mteja wa Lubumbashi anayenunua vitenge hapa ana mtoto anayetaka chuo, na si kila mmoja ana ndoto ya Brussels.

Waliokwama kabla ya hawa

Waliosoma China watakwambia haya si mageni. Mwanzoni mwa 2020 wengi walikuwa nyumbani kwa likizo ya mwaka mpya wa Kichina. Machi 28 mwaka huo China ikafunga mipaka kwa wageni karibu wote, wenye vibali vya ukaazi wakiwemo, na haikurudisha viza za wanafunzi hadi Agosti 2022. Zaidi ya miaka miwili, wanafunzi wa udaktari walifuata vipindi kwa simu, saa za Beijing, bila kumgusa mgonjwa.

Wafanyabiashara wa Kariakoo waliokuwa wakienda Guangzhou walipata njia mbadala haraka: mawakala, picha za WhatsApp, mizigo ya kuchangia kontena. Wanafunzi hawakupata. Waliobaki na subira walimaliza. Wapo waliorudi kuanza mwaka wa kwanza vyuo vya nyumbani wakiwa na miaka 24.

Tofauti moja ni kwamba wakati ule kila mtu aliijua sababu, na kila mtu aliamini ugonjwa una mwisho.

Wanakotazama sasa

Nchi za kukimbilia nazo zinapunguza viti. Canada iliweka ukomo wa vibali vya masomo Januari 2024, na mwezi huohuo ikapandisha fedha za kujikimu ambazo mwombaji lazima azioneshe kutoka dola 10,000 za huko hadi 20,635. Uingereza, tangu Januari 2024, imewazuia wanafunzi wa uzamili wa kawaida kwenda na wenza na watoto, na muda wa kubaki kutafuta kazi baada ya shahada utapungua kutoka miaka miwili hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027.

Ndiyo maana mazungumzo ya wazazi yameanza kuhamia karibu. Kigali kuna tawi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, linalotoa shahada za uzamili za uhandisi na teknolojia ya habari. Cheti ni cha Pittsburgh, na Mtanzania haombi viza kwenda Rwanda. Bweleo, Zanzibar, tawi la IIT Madras lilifunguliwa Novemba 2023, la kwanza la taasisi hiyo nje ya India, likifundisha sayansi ya data na akili unde. Kwa kijana wa Gerezani, safari yake ni boti kutoka bandarini.

Kwa binti wa uhandisi wa mitambo hayo hayatoshi, maana fani yake haimo. Na ufadhili aliopewa haubebeki kwenda chuo kingine.

Anayetakiwa kuwaangalia zaidi wakati huu ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo ndiyo inayotambua shahada za nje na kusajili mawakala wa udahili. Mjini tayari wapo wanaonong'ona kwamba kuna njia ya pembeni, barua ya nchi ya tatu, au mtu wao ubalozini. Viza ambayo Rais wa Marekani ameisitisha, hakuna dalali wa Msimbazi anayeweza kuipata, na anayelipia atapoteza fedha. Akikamatwa na karatasi ya uongo, atapoteza pia nafasi ya kuomba tena zuio likiondoka.

Juni

Tamko lenyewe linaagiza mapitio ndani ya siku 180, kisha kila siku 180 baada ya hapo, ili Rais wa Marekani ashauriwe kama nchi zibaki, ziondolewe au ziongezwe. Siku 180 tangu 16 Desemba zinaangukia katikati ya Juni 2026.

Vyuo vingi vya Marekani hufungua Agosti. Hata Tanzania ikiondolewa kwenye orodha siku hiyohiyo ya mapitio, zitabaki kama wiki tisa za kupata tarehe ya usaili, kukaguliwa mitandao, kusubiri pasipoti na kununua tiketi, huku kila aliyekwama tangu Januari akiwa kwenye foleni ileile. Ndiyo sababu washauri wa udahili wanawahimiza walio na I-20 kuandikia vyuo vyao mapema kuomba nafasi isogezwe, na kuuliza kwa maandishi kama ufadhili nao unasogea.

Atakayesogezewa hadi Januari 2027 atakuwa na mapitio mawili mbele yake, la Juni na la Desemba, na kila moja linaweza kuifuta au kuirefusha orodha.